Wanakagua vyeti? Mimi nakagua, na hivi ndivyo ninavyofanya

"Dada shikamoo. Hivi nyie watu wa HR huwa mnaangalia vyeti kweli, au mnatishia tu?"

Meseji hiyo ilinifikia Jumapili usiku kutoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyemaliza stashahada ya ugavi mwaka juzi na tangu hapo anazunguka na bahasha. Nikamjibu marahaba, nikamuuliza kwa nini anauliza. Akasema anauliza tu. Nimekaa miaka 11 kwenye dawati la utumishi, kwanza shule binafsi, kisha kampuni mbili za mizigo hapa Dar, na sijawahi kukutana na mtu anayeuliza swali hilo hivi hivi tu. Nikampigia. Mengi ya haya niliyoandika ndiyo niliyomweleza usiku ule, na mengine nimeyakumbuka baadaye.

Tunaangalia, ila si siku unayodhania. Siku unapotuma maombi hakuna anayekagua kitu. Nafasi moja ya karani wa ghala inaniletea maombi mia tatu. Kila CV naipa dakika moja, natafuta sababu ya kupunguza rundo. Ukiandika una shahada, siku hiyo nakuamini. Ukaguzi unaanza siku ya usaili, pale tunapotaka vyeti halisi mezani, na unaendelea baada ya barua ya ajira, ndani ya miezi ya majaribio, majibu ya barua tulizoandika yanapoanza kurudi. Baada ya hapo ukaguzi hauna tarehe tena. Mwajiri anaweza kuamka siku yoyote na kusema kila mtu alete vyeti.

Waliokuwa kazini mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa. Tarehe 28 Aprili mwaka ule, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyokuwa na majina ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akataka waondoke kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka ishirini na zaidi, wamebakiza kidogo kustaafu. Ilikuja kuwa mwaka 2022 ndipo serikali ikakubali warudishiwe michango waliyokuwa wakikatwa kwenye mishahara yao wenyewe. Lakini kwenye ripoti ile kulikuwa na hesabu nyingine ambayo watu wameisahau, na kwangu ndiyo nzito zaidi: vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watu zaidi ya mmoja. Yaani cheti ni halali, matokeo ni halali, ila kuna mtu Mbeya na mwingine Mwanza, wote wawili wanajiita jina hilo hilo.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Swali la kama karatasi ni ya kweli ni jepesi siku hizi. Gumu ni kama karatasi hii ni yako.

Tuanze na cheti cha kidato cha nne, maana hicho ndicho ninachokagua kwa kila mtu, kuanzia dereva hadi mhasibu. Kwanza natafuta namba ya mtihani. Inaanza na S kama ulifanya mtihani ukiwa shuleni, au P kama ulikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, ikifuatiwa na namba ya kituo, namba yako, na mwaka. Nafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, nachagua mwaka, nachagua shule, nashuka hadi kwenye namba. Pale pana jinsia, pointi, daraja na alama za kila somo. Kurasa ninazofungua mimi mara nyingi hazina jina. Kwa hiyo tovuti inaniambia kwamba namba hii ilipata matokeo haya. Hainiambii kwamba mwenye namba ndiye huyu aliyekaa mbele yangu.

Hata hivyo inasaidia. Mwaka 2019 alikuja kijana kuomba usimamizi wa yadi. Cheti kizuri, daraja la pili, karatasi ngumu, rangi zinavutia. Nikafungua matokeo ya shule yake mbele yake, nikashuka mpaka kwenye namba. Pointi zinalingana. Alama zinalingana, hadi ile C ya Kiswahili. Nikarudi kwenye safu ya jinsia: F. Nikamtazama. Ana ndevu hizi! Nikamuuliza taratibu, hii namba ya nani? Alinyamaza, akaangalia feni, kisha akasema, "Ya dada." Fundi aliyemtengenezea cheti alitumia namba ya kweli ili matokeo yaonekane yakitafutwa, akasahau safu moja yenye herufi moja.

Nisijifanye mjanja sana, kuna siku nami nilichemka. Binti aliandika kwenye CV yake kwamba alipata Division II mwaka 2014. Mimi nakumbuka vizuri matokeo ya kidato cha nne ya mwaka ule yalitoka kwa mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, madaraja yakiitwa Distinction, Merit, Credit na Pass. Divisheni zilirudi mwaka uliofuata. Nikajiambia, nimemkamata. Nilimhoji kwa sauti ambayo hadi leo inanisuta. Kumbe amehangaika na waajiri wasioelewa Merit ni kitu gani, akaamua kujitafsiria mwenyewe ili CV isomeke. Cheti chake kilikuwa safi kabisa. Basi funzo la kwanza kwako unayeomba: andika kilichoandikwa kwenye cheti, neno kwa neno, hata kama mwajiri hatakielewa. Akitaka kuelewa atakuuliza.

Na waliofanya mtihani mwaka 2012 nao wana lao. Matokeo ya kwanza yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri, nchi ikawaka. Mei serikali ikayafuta, yakapangwa upya na kutangazwa tena. Kwa hiyo wapo watu wenye karatasi waliyoichapisha intaneti kafe ile Februari, na matokeo yaliyo rasmi leo ni tofauti. Kama ni wewe, itupe ile karatasi. Tumia cheti.

Kwa nafasi kubwa, au nikiwa na wasiwasi, siishii kwenye tovuti. Naandika kwa NECTA kuomba wathibitishe, naambatisha kopi ya cheti, nasubiri. Na hapa niseme jambo kuhusu muhuri wa wakili. Watu wanadhani kopi ikishagongwa muhuri imehalalishwa. Wakili anasema tu kwamba kopi imefanana na kile alichoonyeshwa. Akionyeshwa cheti cha kughushi, atagonga muhuri kopi nzuri ya cheti cha kughushi. Nimewahi kupokea kopi yenye mihuri mitatu ya mawakili wawili. Ilikuwa feki.

Vyuoni utaratibu ni mwingine. Chuo kikuu namwandikia msajili. Stashahada na astashahada za vyuo vya kati zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Mtu aliyesoma nje, shahada yake inatakiwa itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aliyesoma sekondari Kenya au Uganda anakwenda NECTA kupata ulinganifu wa matokeo yake. Fanya hayo kabla hujaomba kazi, maana mwajiri hatakusubiri ukimbizane na ofisi. Na kama fani yako ina bodi, iwe ni uuguzi, famasi, uhandisi, uhasibu au huo ugavi wa mdogo wangu, usajili wa bodi unanirahisishia nusu ya kazi, kwa sababu bodi ilishaona vyeti vyako kabla yangu.

Namba za simu zilizo kwenye barua ya chuo sizitumii. Natafuta mwenyewe namba ya chuo. Hii tabia niliipata baada ya kupiga namba ya "ofisi ya taaluma" iliyokuwa chini ya barua ya mwombaji mmoja. Ilipokelewa kwa sauti nzito, "Ofisi ya msajili hapa, nikusaidie nini?" Nyuma yake nikasikia mafuta yanachacharika na mtu anapaza sauti, "Chipsi mayai mbili, moja usiweke pilipili!" Nilimshukuru msajili, nikakata simu.

Serikalini wao hawana mchezo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba slipu za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku ya usaili unasimama na nyaraka zako na zinasomwa jina kwa jina. Wengi wanarudishwa nyumbani palepale mlangoni, na si kwamba wameghushi chochote.

Wanarudishwa kwa sababu ya majina. Hapa nitakaa kidogo, maana katika kila watu kumi ninaowasimamisha kwa ajili ya nyaraka, tisa ni waaminifu watupu waliozembea herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, kitambulisho cha taifa Muhamed. Au mwalimu wa darasa la saba alikuona una jina gumu akakuandikia jingine. Au uliolewa ukaanza kutumia jina la mume kuanzia chuo. Au baba yako ana majina mawili, la msikitini na la kazini, na wewe umebeba yote kwa zamu. Wewe unajijua ni mtu mmoja. Mimi mezani naona watu watatu. Na baada ya zile habari za vyeti 1,538, siwezi kukuachia tu kwa sababu una uso wa upole.

Fanya hivi usiku huu, kabla hujaomba kazi yoyote. Toa nyaraka zote uzitandaze kitandani: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, vya chuo, kitambulisho cha NIDA, leseni, kadi ya benki. Chukua kalamu na karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye kila kimoja, mstari chini ya mstari, bila kurekebisha. Usisome kwa mazoea. Taja herufi moja moja kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Utashangaa. Mimi mwenyewe, niliye kwenye kazi hii, niligundua kwamba kwenye cheti changu cha chuo jina la babu limekatwa herufi ya mwisho. Nilikuwa nacho kwenye fremu ukutani miaka minne.

Ukikuta tofauti, njia ni mbili. Tofauti ndogo ya herufi, waajiri wengi binafsi wanapokea kiapo ulichokula mbele ya wakili au hakimu, kinachosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Serikalini, na kwa jina lililobadilika hasa, jiandae kwa hati ya kubadili jina, ile mawakili wanaiita deed poll, ambayo inaandaliwa na wakili kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Kama kosa ni la taasisi yenyewe, kama lile la chuo changu, anza na wao, warekebishe. Chochote utakachochagua, amua kwanza jina gani ndilo la kubaki. Ushauri wangu ni libaki lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha na ndicho kila mwajiri anaanza nacho.

Cheti kilichopotea au kuungua si mwisho wa dunia. Ripoti polisi, kisha fuata utaratibu wa NECTA wa kuomba uthibitisho wa matokeo. Barua hiyo inakwenda moja kwa moja kwa mwajiri au chuo kinachoihitaji, hupewi wewe mkononi, kwa hiyo niambie mapema ili nijue kuna kitu nakisubiri. Usiende mtaani "kutengenezewa kama kile cha zamani". Nimemwona mama mmoja mwenye matokeo yake halali kabisa akipoteza kazi kwa sababu hiyo. Aliunguliwa nyumba, akaona NECTA ni mbali, akatengeneza kopi ya cheti chake mwenyewe. Alama zilikuwa zake, jina lilikuwa lake, karatasi ilikuwa ya kughushi. Kisheria kughushi ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu inafika kifungo cha miaka 7. Sikuwa na namna ya kumtetea, na nilijaribu.

Kuna wale ambao chuo kimeshikilia cheti kwa deni la ada. Mko wengi kuliko mnavyodhani, wala msione haya. Sema, "Nimemaliza, nadaiwa laki nane, cheti kiko chuoni, hii hapa barua ya chuo inayothibitisha nimefaulu." Nimeshaajiri wawili wa hivyo, na mmoja kampuni ilimkopesha tukamkata kwenye mshahara. Na uliyebakiza masomo usiandike umehitimu. Andika mwaka ulioanza, andika umebakiza masomo mangapi. Kazi ya karani wa ghala haihitaji shahada; ila mtu aliyenidanganya kuhusu shahada, kesho atanidanganya kuhusu idadi ya magunia.

Je, wote wanakagua? Hapana, na hili ndilo linaniudhi. Yapo makampuni yasiyokagua lolote, hasa yale ya kuajiriana kwa kujuana. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mlinzi wa getini alidaiwa cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha mgambo, barua ya mtendaji na wadhamini wawili. Mwezi huohuo akaletwa meneja na mmoja wa wenye hisa. Nilipoomba vyeti vyake vya kuweka kwenye faili niliambiwa, "Huyo ni mtu wetu." Faili lake lilikuwa na picha moja ya pasipoti na namba ya akaunti ya benki. Sitasema alivyoishia. Ila kama wewe ni mwajiri unayesoma hapa, anza kukagua kutoka juu, kwa sababu anayeshika hundi ana uwezo wa kukuangusha kuliko anayeshika rungu.

Na ukikagua, omba ridhaa kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na vyeti vya mtu ni taarifa zake binafsi. Fomu yangu ni ya nusu ukurasa: ninachokagua, nitakapokiuliza, na sahihi ya mwombaji. Sikuiandaa kwa ajili hiyo, lakini imenisaidia kwa namna nyingine: wapo wanaoisoma, wanaomba kwenda kupokea simu nje, na hawarudi.

Mdogo wangu alisikiliza yote hayo kimya, akisema "sawa dada" kila baada ya dakika. Mwisho nikamuuliza tena, sasa niambie ukweli. Akacheka kidogo. Cheti chake cha kuzaliwa ni Hamisi. Cha kidato cha nne ni Khamis. Stashahada ni Khamis, NIDA ni Hamisi. Alikuwa ameitwa usaili serikalini, akawa anajiuliza kama aende tu na kuomba Mungu wasione.

Nikamwambia wataona, na nikamtafutia wakili mtaa wa pili kutoka kwangu, Tabata. Nikamsisitiza kitu kimoja: rasimu ikishachapwa usisaini papo hapo, nipigie picha kwanza. Alhamisi mchana picha ikaingia kwenye simu nikiwa kantini. Nikaikuza. Sentensi ya kwanza: "Mimi, KHAMISI..."

Nikaacha wali ukapoa, nikampigia. "Usisaini. Mrudishie wakili, hilo ni jina la tatu."